Atomu Inayoanguka na Kikomo cha Kasi

Kwa muda sasa nimekuwa nikilirudia swali moja la fizikia ya kwanta: mfumo unaweza kubadilika kwa haraka kiasi gani, na kikomo hicho huwekwa na mfumo wenyewe au na mazingira yanayouzunguka?

Mwaka 1945 Leonid Mandelstam na Igor Tamm walionesha kwamba mfumo uliofungwa, yaani uliotengwa na mazingira, hauwezi kufika kwenye hali iliyo tofauti kabisa na ile ulikoanzia kabla ya muda wa πħ/2ΔE kupita, ambapo ħ ni namba isiyobadilika ya fizikia ya kwanta na ΔE ni mtawanyiko wa nishati ya mfumo. Mwaka 1998 Norman Margolus na Lev Levitin wakaongeza kikomo kinachotegemea wastani wa nishati. Kwa kyubiti (mfumo wa kwanta wenye viwango viwili vya nishati) ya gigahezi 5, iliyo nusu kwa nusu kati ya viwango hivyo, vikomo vyote viwili hutoa nanosekunde 0.1.

Kinachonisumbua ni atomu iliyosisimuliwa ikakaa katika kiwango kimoja tu cha juu. Mtawanyiko wake wa nishati ni sifuri, kwa hiyo kwa kanuni ya 1945 haipaswi kubadilika kamwe. Hata hivyo atomu halisi hutoa fotoni (chembe ya mwanga) ikaanguka, kwa sababu haikufungwa: uga wa sumakuumeme umeizunguka daima, na mwendo wote tunaouona unatokana na uhusiano huo. Nishati ya atomu pekee haitoshi kutuambia kasi yake.

Mwaka 2013 makundi kadhaa ya watafiti, wakiwemo Sebastian Deffner na Eric Lutz, yalitoa vikomo vya mifumo wazi, yaani inayoguswa na mazingira. Hawa wawili waliweka mahali pa ΔE wastani wa ukubwa wa kiendeshi cha mlinganyo wa mageuko, yaani sehemu ya hesabu inayosukuma mabadiliko ya mfumo, ambamo athari ya mazingira imekwisha kuingizwa. Niliijaribu fomula yao kwa atomu yangu, ambayo uwezekano wa kubaki juu hupungua kwa e⁻ᵞᵗ, ambapo γ ni kasi ya kuanguka na t ni muda. Kiendeshi huwa na thamani zaidi ya moja kwa kila wakati; nilipopima ukubwa wake kwa ile iliyo kubwa kabisa, kikomo kililingana barabara na muda halisi. Nilipoupima kwa kujumlisha thamani hizo zote, kilishuka hadi nusu ya muda huo. Atomu ni ileile, ila kipimo kimebadilika.

Ulinganifu huo ulinifurahisha, lakini hauniridhishi kikamilifu. Wastani wa ukubwa huo huchukuliwa katika safari yote, hivyo ni lazima nijue mwendo kwanza ndipo nipate kikomo chake. (Kanuni ya 1945, kwa kiendeshi kisichobadilika, ilihitaji hali ya mwanzo tu.) Ndiyo maana nasoma kwa tahadhari madai kwamba mazingira yenye kumbukumbu, yanayorudisha taarifa iliyopotea, huharakisha mageuko: kikomo kinaweza kushuka bila mfumo wenyewe kukimbia zaidi, kwa kuwa njia yake mara nyingi si ile fupi kuliko zote. Hesabu ninayoitaka sasa ni ya atomu hiyohiyo ndani ya uwazi kati ya vioo viwili, ambako fotoni iliyotoka inaweza kurudi.