Njano kwanza: jinsi ya kuzisoma bendera za mbio za magari

Bendera ya miraba myeusi na myeupe, ile ya kumaliza mbio, ndiyo inayochapwa kwenye fulana, lakini anayetaka kuzielewa mbio za saketi, yaani za kuzunguka njia ileile, aanze na njano. Njano ndiyo inayobishaniwa karibu kila msimu baada ya mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, na ndiyo inayolinda roho za watu.

Sheria ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, hapa ni fupi. Njano moja ikipepea, punguza mwendo, usipite gari lolote, jiandae kubadili mkondo, kwa sababu kuna hatari kando ya njia au imeingia njiani kidogo. Njano mbili zikipepea pamoja, punguza mwendo kwa kiasi kikubwa, usipite, jiandae kubadili mkondo au hata kusimama. Maana yake njia imezibwa, yote au sehemu yake, au kuna wahudumu wa saketi walio kazini njiani au pembeni. Dereva akiona mbili achukulie kwamba nyuma ya kona kuna mtu anatembea kwa miguu.

Bendera hupeperushwa kwenye kituo cha wahudumu kilicho kabla tu ya hatari. Vituo haviachani zaidi ya mita 500, na kila kimoja lazima kionane na jirani zake. Katazo la kupita linaanzia kwenye bendera yenyewe, hata kama dereva bado hajaona kilichotokea, na linaishia kwenye bendera ya kijani iliyo mbele ya tukio. Hapo ndipo wengi wanapokosea: dereva akishaliacha nyuma gari lililokwama hukanyaga mafuta na kumpita mwenzake kabla ya kijani, akidhani mambo yamekwisha.

Kituoni watu wawili hugawana kazi. Mwenye njano anatazama upande magari yanakoelekea, ili aone tukio linavyokwenda. Mwenye bluu, bendera ya kumtaka dereva ampishe anayekuja nyuma, anatazama yanakotoka. Kwa hiyo mwenye njano huwa ameyapa mgongo magari yanayokuja kwa kasi, na usalama wake uko machoni mwa mwenzake. Bendera zao zina kipimo: angalau sentimita 60 kwa 80. Nyekundu na ile ya miraba ni kubwa zaidi, angalau 80 kwa 100.

Sasa, kupunguza mwendo ni kiasi gani? Katika Formula 1 dereva anatakiwa aonekane kwenye data kwamba alifunga breki mapema kuliko kawaida, au kwamba kasi yake ilishuka waziwazi kwenye sehemu ile. Zikiwa njano mbili wakati wa mchujo, anatakiwa aachane kabisa na mzunguko ule. Hata asijaribu kuweka muda. Mexico 2019, dereva Max Verstappen alikiri kwamba hakuachia mafuta alipopita mahali dereva mwenzake Valtteri Bottas alipogonga ukuta, akanyang'anywa nafasi ya kwanza na kurudishwa nyuma nafasi 3. Qatar 2021 ilionyesha tofauti ya bendera hizi kwa adhabu zenyewe: Verstappen alipuuza njano mbili akarudishwa nafasi 5, Bottas alipuuza njano moja akarudishwa 3.

Tukio zito kuliko yote ni la Suzuka, Japani, Oktoba 2014. Mvua ilikuwa inanyesha, gari la dereva Adrian Sutil lilikuwa limetoka njiani, na trekta la kulinyanyua lilikuwa limeingia eneo la nje ya kona. Njano mbili zilikuwa zinapepea. Dereva Jules Bianchi aliteleza mahali pale pale, akaligonga trekta, na akafariki Julai 2015. Jopo la FIA lilisema hakupunguza mwendo vya kutosha kuepuka kuteleza. Kwangu mimi tatizo lilikuwa pana zaidi: "vya kutosha" aliachiwa kila dereva akadirie mwenyewe, huku anashindana na mwenzake anayekadiria pia. Ndiyo maana mwaka 2015 ukaja utaratibu wa gari la usalama lisiloonekana, ambapo madereva wote hupewa muda ambao hawaruhusiwi kuupunguza, na ubishi wa nani amepunguza zaidi unakwisha.

Nyekundu inasimamisha shughuli yote: vituo vyote huipeperusha, hakuna kupita, na magari yanarudi polepole piti, eneo la kuhudumia magari kando ya njia. Njano yenye mistari myekundu hushikwa bila kupeperushwa na husema kuna mafuta au maji njiani. Huonyeshwa kwa mizunguko 4 hivi au hadi njia irudi hali yake, na haihitaji kijani baada yake. Nyeupe kwa FIA ni gari linalokwenda polepole mbele yako, lakini ukitazama NASCAR au IndyCar, mashindano ya Marekani, nyeupe ni mzunguko wa mwisho. Bluu humwambia dereva kwamba anakaribia kupitwa na gari lililomtangulia mzunguko mzima, ampishe.

Kundi la nyeusi humlenga dereva mmoja, kwa hiyo huonyeshwa pamoja na namba ya gari lake. Nyeusi na nyeupe iliyogawanywa mshazari ni onyo la mwenendo. Charles Leclerc aliipata Monza 2019 kwa kumbana Lewis Hamilton. Nyeusi yenye duara la chungwa, lenye kipenyo cha sentimita 40, inasema gari lako ni bovu na ni hatari, ingia piti. Likitengenezwa na wakaguzi wakaridhika, unarudi mbioni. Kevin Magnussen aliipata mara 3 mwaka 2022, zote kwa bawa la mbele lililoharibika. Nyeusi tupu ni kutolewa. Estoril 1989 Nigel Mansell alirudi kinyumenyume ndani ya piti, akaonyeshwa nyeusi, akaendelea, kisha akagongana na Ayrton Senna. Alifungiwa mbio zilizofuata.

Hata bendera ya miraba huenda mrama. Canada 2018 ilipeperushwa mapema, matokeo yakachukuliwa kwenye mzunguko wa 68 badala ya 70. Mwaka 2019 taa ndiyo iliyofanywa ishara rasmi ya mwisho, na huko Japani ikawaka mapema: matokeo yakahesabiwa kwenye mzunguko wa 52 badala ya 53, na Sergio Pérez aliyegongana kwenye mzunguko wa mwisho akabaki na pointi zake. Mwaka uliofuata bendera ikarudishiwa kazi yake.

Wapenzi wa Safari Rally, mbio za Kenya, wajue kwamba mbio za rally zina lugha nyingine. Kule Naivasha hakuna kituo kila baada ya mita 500. Bendera nyekundu huonyeshwa kwenye vituo vya redio, yaani vya wasimamizi wenye redio za mawasiliano, na ukiipita unapunguza mwendo papo hapo na kubaki hivyo hadi mwisho wa hatua, yaani kipande kile cha mbio. Kati ya vituo, madereva huonyana wenyewe. Waliosimama huweka pembetatu nyekundu angalau mita 50 nyuma ya gari, kisha hushika kibao: upande wa kijani OK, upande mwekundu SOS. OK huonyeshwa angalau kwa magari matatu yanayofuata. Ukionyeshwa SOS lazima usimame usaidie, na gari linalokuja baada yako linakwenda kutoa taarifa kwenye kituo cha redio kinachofuata.