Uchochoro tuache futi ngapi?

Fundi kanipigia juzi saa moja asubuhi, hata uso sijanawa, anauliza, "Bosi, uchochoro huku upande wa jirani tuache futi ngapi?" Mnaofuatilia hadithi ya kiwanja changu cha Chamazi, Dar, mnajua nilipofikia, msingi umesimama, hela imekata, na jirani ni yuleyule. Nikamwambia ngoja nije. Nikafika saiti, nikasimama katikati ya kamba yake na ukuta wa jirani, alafu bila hata kufikiri nikanyoosha mikono yote miwili, kulia na kushoto, nikabaki hivyo. Msaidizi wake akaacha kukoroga zege. Fundi akaniangalia kwa huruma kidogo. "Bosi, futi ninayo hapa."

Hiyo mikono mi sikuianza Chamazi. Niliianza Mikindani, ule mji wa kale wa pwani kule Mtwara, mwaka 2009 na niliinyoosha kwa aibu.

Mwaka huo nilikuwa kwa bibi nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Kusubiri matokeo ni kazi mbaya, huna pa kwenda na kila anayepita anakuuliza "bado tu?" Hivyo nikajipa cheo cha kutembeza wageni. Hakuna aliyenisomesha. Nilikuwa najibanza karibu na Boma, lile jengo la Wajerumani la 1895 ambalo shirika moja la Waingereza lilikuja kulikarabati likawa hoteli, nasikiliza wenzangu waliopewa mafunzo wanavyoeleza, naokota, na pale upepo uliponipotezea neno najaza la kwangu.

Silaha yangu kubwa ilikuwa Livingstone. Hii niliishika vizuri maana mgeni mmoja aliniachia kurasa alizotoa kopi kwenye shajara ya yule mzungu mwenyewe. Aliteremka ghuba ya Mikindani Machi 1866, akapanga nyumba kwa dola nne kwa mwezi (soma tena, dola nne), na alikuja na ngamia 6, nyati 3 na ndama wao, nyumbu 2 na punda 4. Nyati wa kufugwa wa India, sio hawa wetu wa kukuua, na nyumbu wale chotara wa punda na farasi, sio wa Serengeti. Alitaka kujaribu kama wanyama wale watahimili mbung'o. Mwanzoni mwa Aprili akaondoka kuelekea Ruvuma na hakurudi tena pwani akiwa hai, alifia Chitambo, Zambia ya leo, mwaka 1873. Mi sikuwa na shida na Chitambo. Mi nilikuwa na ngamia sita. Mgeni ukimwambia ngamia sita Mikindani macho yanamtoka, na macho yakishamtoka mkono unaingia mfukoni wenyewe.

Basi siku moja akaja Injinia. Hakuwa injinia, alikuwa anasomea mipango miji pale Chuo Kikuu Ardhi, alinikatalia hilo jina mara tatu nikaendelea nalo tu. Alikuwa ametokea Mtwara mjini, siku mbili anatembea kwa miguu na daftari, uso umeiva kwa jua. Kitu cha kwanza kuniambia: "Dogo, mji wenu umepangwa na mtu ambaye hajawahi kutumwa chumvi."

Nilicheka lakini alikuwa na hoja. Mtwara ile tunayoijua Waingereza waliichora baada ya vita vya pili kwa ajili ya mradi wa karanga, bandari ya kina kirefu, reli ya kwenda Nachingwea, mji mkubwa wa kuja. Wazungu Shangani wapate upepo wa bahari, Wahindi na maduka yao katikati, sisi huko, na kati ya hawa na wale pori linaachwa makusudi. Mwaka 1951 mradi wa karanga ukawa umeshakufa. Bandari ikafunguliwa 1954, karanga zenyewe hakuna, na mwanzoni mwa miaka ya 60 reli ikang'olewa. Mji ukabaki kama mtoto aliyevalishwa suruali ya baba yake, mpaka leo anaishikilia kiunoni asiiangushe. Injinia alitembea kutoka Shangani mpaka sokoni saa saba mchana, kivuli hakuna, barabara pana utadhani kuna gwaride. Hiyo ni kabla gesi haijaja kutupandishia kodi.

Tukaanza mzunguko. Boma tulipita haraka, bei ya soda ya pale wote tuliijua. Soko la watumwa nikalisemea yale ya kukariri huku nimekunja uso, yeye akaniuliza matao yale yamezibwa lini nikajibu "zamani". Alikuwa haandiki ninachosema. Anaandika vingine, anachungulia milango, anahesabu ngazi, anasimama katikati ya njia anatazama juu. Nikaona huyu ananiponyoka. Nikaamua kutoa ngamia mapema.

Tulikuwa tumeingia uchochoro mmoja unaopanda kuacha barabara ya pwani, nyumba za mawe huku na huku, za ghorofa moja, dari limeshaanguka upande mmoja na mpapai umeota ndani. Nikasimama, nikashusha sauti kama walivyokuwa wanafanya wale wenye mafunzo. "Hapa unapokanyaga, kaka. Hapa hapa. Ngamia sita walipita na mizigo yao wakielekea nyumbani kwa Dokta Livingstone."

"We kijana."

Sauti ilitoka chini. Kulikuwa na mzee kakaa barazani, msuli, fulana nyeupe, kofia ya mkono iliyoshafuliwa mpaka maua yamefutika. Nilimpita bila kumwona, na Mikindani kumpita mzee barazani bila salamu ni kesi tayari.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ngamia wamepita wapi?"

"Hapa babu."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Wangapi?"

"Sita."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabiwa hela pungufu. "Na mizigo yao."

"Na mizigo yao."

"Haya. Nyoosha mikono."

Nikamwangalia Injinia, Injinia akaangalia pembeni. Nikanyoosha. Sikuweza hata kuimaliza, viganja viligonga ukuta huku na huku na viwiko bado vimekunjika. Nakumbuka kiganja cha kushoto kilikuwa baridi, ukuta ule una unyevu, una chokaa laini inayobaki kwenye vidole kama unga wa muhogo, na ndani ya chokaa nikapapasa kipande cha jiwe la matumbawe kina vitundu vitundu. Cha kulia kilikuwa moto, jua lilikuwa limeshika ukuta ule kwa juu na joto linashuka. Nikabaki pale katikati nimejibanika. Mzee hakusema niishushe, na mi sikuishusha. Akapita mtoto wa kike na ndoo ya maji kichwani, nilikuwa nimeziba njia nzima, akasimama, akasema "naomba njia", nikainua mkono mmoja juu akapita chini ya kwapa langu, maji hayakumwagika hata tone. Mzee akamsindikiza kwa macho mpaka akakata kona. Ndo akanigeukia.

"Ngamia umeshamwona?"

"Kwenye picha babu."

"Mi nimewaona Mombasa, nilikuwa baharia kidogo kabla sijashika mwiko. Tumbo lake tupu ni wewe na mgeni wako mmekumbatiana, hapo mzigo sijaweka. Na ukuta huo ulioshika kajenga babu yangu mzaa baba. Babu yangu hakumkuta huyo mzungu wako."

Injinia sasa alikuwa kachuchumaa mbele ya baraza, daftari gotini, mi simo tena. Akamuuliza wanyama walipita wapi basi. Mzee akaonyesha kwa kidevu kule tulikotoka. "Pwani kuna mchanga, mgeni. Mnyama atakaa pwani. Kinachoingia huku ni mzigo, na mzigo unaingia kichwani mwa mtu, umemwona huyo binti."

Kumbe alikuwa fundi mwashi, kapiga chokaa maisha yake yote. Akatuingiza ndani. Chumba kirefu, chembamba, giza zuri, na juu boriti za mikoko zimelala moja moja, nyeusi, zimebeba mawe na chokaa. Akamwambia Injinia apime mapana. Mita mbili na nusu na kidogo. Chumba cha pili, hivyohivyo. Cha tatu hivyohivyo. "Unajua kwa nini? Mkoko ukizidi hapo unapinda. Ukitaka nyumba kubwa unaongeza urefu, mapana kashaamua mkoko." Injinia alisema neno moja tu, "duh", akaandika ukurasa mzima. Mi nimelala nyumba za namna ile tangu nazaliwa, na swali la kwa nini vyumba vyote ni kama mabehewa halikunijia hata siku moja.

Alafu akatueleza baraza. Lile alilokalia halikuwa lake. Lake ni la ng'ambo ya uchochoro, lile lililopigwa jua saa hiyo. Asubuhi anakaa kwake, ikishafika adhuhuri kivuli kinavuka na yeye anavuka nacho, anakaa kwa jirani mpaka alasiri. Jirani naye asubuhi yuko kwa mzee. Miaka na miaka hawajawahi kuulizana. Sema huyo jirani alikuwa kashapiga ukuta wake plasta ya saruji, na plasta ilikuwa imeshaanza kubanduka mapande mapande kama ukoko wa wali, kwa maana saruji inaufungia ukuta wa chokaa jasho lake ndani. Mzee kila akipita anabandua kipande. "Namsaidia," akasema.

Tunaaga akanishika mkono, hakuuachia.

"We si mjukuu wa yule bibi wa mizizi ya ming'oko?"

"Ndiyo babu."

"Bibi yako anajua unauza ngamia?"

Nyumba yenye kibao cha Livingstone tulifika baadaye. Mi nimekipita kile kibao mara mia. Injinia akakisoma polepole alafu akaanza kucheka peke yake, "dogo, hapa wenyewe wameandika inasemekana". Kweli. Neno lilikuwa pale siku zote, kwa Kiingereza, na mi nilikuwa naliruka kila nikitafsiri maana halikunisaidia kitu. Jioni kwenye kituo cha daladala akanipa elfu kumi, akasema ni za mikono, sio za ngamia.

Ningependa kuwaambia kwamba niliacha. Wiki iliyofuata nilipata Wajerumani wawili, nikawapeleka uchochoro uleule, nikawapa ngamia wote sita na mizigo, alafu nikawaambia nyoosheni mikono. Walicheka mpaka wakakaa chini. Hela ikawa nzuri kuliko mwanzo. Ikabidi nianze kumkatia mzee chake, sukari, mara tumbaku, na yeye akawa akiniona tu na wageni anatoa sauti yake ileile, "We kijana, ngamia wamepita wapi?" kama vile hajawahi kuniona. Alikuwa muigizaji mzuri sana. Matokeo yakatoka, nikaondoka. Bado sijui pale nani alikuwa anamfundisha nani nini.

Nilirudi 2017 kwenye arobaini ya bibi. Mzee alishatangulia. Nyumba yake ilianguka mvua za masika, mawe yake watu wameyabeba wakajengea misingi, boriti zimekwenda kuni. Ile ya jirani yenye saruji ilikuwa bado imesimama, ndo ujue hayana adabu haya mambo. Nikaingia pale nikanyoosha mikono, mkono mmoja ukashika ukuta, mwingine ukabaki hewani. Gari lingepita. Ngamia wote sita wangepita, na mizigo yao.

Sasa fundi kanisubiri na futi yake, nikamwambia aache sita. Nikadhani yameisha. Jana kanipigia tena, jirani katoka kaangalia kamba, kaangalia jua, kakokotoa ukuta wangu ukishapanda utamwekea kivuli kuanzia saa nane. Anataka kujenga kibaraza cha kukaa jioni, upande wake, lakini kitaingia uchochoroni futi moja na nusu. Fundi anauliza amruhusu au amkatalie.

Nimemwambia asubiri.