Unaitengeneza au unaiamsha tu?

Juzi tunasubiri lifti na mwanangu, mlango ukafunga nusu ukarudi, ukafunga nusu ukarudi, mara ya tatu ndo ukakubali. Akaniuliza, "Baba, mbona inasitasita?" Sikumjibu palepale maana akili ilisharudi kwenye lile jengo la ghorofa 9.

Kipindi kile bado nashika zamu za dharura za ufundi wa lifti. Lifti ya pale ilikuwa inazima kila wiki, wiki nyingine mara mbili, napigiwa simu, napanda mpaka chumba cha mashine, nazima umeme, nasubiri kidogo, nawasha, inaondoka. Kwenye daftari naandika "imeriseti, iko sawa", huyo naenda kazi nyingine. Karibu miezi mitatu hivyo.

Siku hiyo napanda na begi la vifaa nikamkuta bibi amekaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya 5 na ya 6, mfuko wa dawa mapajani, mkono mmoja umeshika chuma cha ngazi kama mtu anayeogopa kukiachia, anahema kwa mdomo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida. Akaliangalia begi langu, akaniangalia mimi, halafu akasema taratibu, wala hana hasira, "Mwanangu, hivi huwa unaitengeneza au unaiamsha tu?"

Nilisimama pale nikakosa la kusema. Nikambebea mfuko mpaka mlangoni kwake ghorofa ya 8, kila ngazi sita saba tunapumzika, na kila tukipumzika lile swali nalisikia upya ingawa yeye hakulirudia.

Nikashuka nikalisoma daftari kuanzia nyuma. Karibu mara zote ilizima asubuhi, saa 3 saa 4. Nikamuuliza mlinzi, akasema huo muda watu wa usafi ndo wametoka kupiga deki. Basi nikapanda juu ya kabini, nikaiweka kwenye hali ya ukaguzi, nikashuka nayo polepole na tochi, mlango kwa mlango.

Watu wanaogopa kamba kukatika, wakati Elisha Otis, Mmarekani aliyebuni breki ya usalama ya lifti, alishawaonyesha watu New York mwaka 1854, kamba ikakatwa na jukwaa likajishika lenyewe. Kinacholaza lifti mara nyingi ni milango. Kontakti, yaani vigusio vya umeme vinavyokutana mlango ukifunga, za milango yote zimeungwa mfululizo kwenye saketi moja, ikiachia moja tu umeme unakatika, na breki inayoachia kwa umeme inabana hapohapo.

Ghorofa ya 4 ndo ilikuwepo shida. Maji ya deki yalisukumia mchanga kwenye mfereji unaotelezea mlango, ukagandamana, mlango ukawa haufiki mwisho, umebakiza milimita chache, kontakti imeungua nyeusi na inagusa kwa ncha tu. Kabini ikipita na mtikisiko wake, inaachia. Nikachokoa mchanga, nikasafisha kontakti, nikabadilisha vile vipande vya chini ya mlango vilivyolika, nikarekebisha kufuli. Haikufika hata saa moja.

Miezi mitatu kwa kazi ya chini ya saa moja. Ofisini walihesabu simu tulizoitikia, na kwa hesabu hiyo nilikuwa fundi mzuri sana. Saa alizokaa bibi yule kwenye ngazi hazikuandikwa popote, na mimi ndo nilikuwa nashika kalamu.

Mwanangu bado anasubiri jibu. Nikachuchumaa naye, nikamwonyesha ule mfereji chini ya mlango, umejaa mchanga.