Uzi wa Cherehani na Njia ya New York

Tangu mdogo wangu alipopata nafasi ya kusoma New York, mama hakuchoka kuniuliza, kila tulipokaa barazani hapa Changamwe, Mombasa, na ndege zikitupitia juu kwenda kutua, kwamba huko ni mbali kiasi gani na mtoto atakaa angani muda gani. Mara ya kwanza nilimwonyesha ramani ya ukutani, nikampotosha, kwani mstari ulionyooka kwenye karatasi hupita juu ya Nigeria na Mauritania, ilhali dunia ni duara na njia fupi haifuati karatasi.

Nikaazima tufe la dunia la mtoto wa jirani, nikakata uzi kwenye cherehani ya mama, nikaubana ncha moja Mombasa na nyingine New York. Ulipokazika, uliteleza wenyewe kuelekea kaskazini, ukakatiza jangwa la Sahara na kutokea Moroko, karibu na Marrakech, ambako ndiko takriban nusu ya safari. Mama aliurudisha chini kwa kidole mara mbili, nao ukateleza kurudi juu mara mbili, ndipo akakubali.

Umbali huo ni kama kilomita 12,260. La ajabu ni kwamba Nairobi imekaa juu ya uzi huohuo: kilomita 420 kutoka hapa, kisha 11,840 hadi New York, kwa hiyo anayebadili ndege Nairobi harefushi safari hata kidogo. Anayepitia Dubai husafiri jumla ya kilomita 14,700 hivi, maana huanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ilhali aendako ni magharibi.

Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, hesabu ya karatasi hutoa saa kumi na tatu na nusu. Hata hivyo, ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, iliyoanza Oktoba 2018, huchukua kama saa kumi na tano kwenda na kumi na nne kurudi, kwa kuwa pepo kali za anga za juu huvuma kutoka magharibi, zikiikabili ndege inapokwenda na kuisukuma inaporudi. (Mama, aliyezaliwa na mvuvi, hakuhitaji kuelezwa habari ya kwenda joshi, yaani kuukabili upepo.) Kilichomtatiza ni saa za ukutani: ukiondoka Nairobi saa tano usiku wakati wa kiangazi cha Marekani, unatua saa moja asubuhi ya kule, kana kwamba umesafiri saa nane tu, kwa sababu wao wako nyuma yetu kwa saa saba, na nane wakati wa baridi.

Tiketi ya mdogo wangu ilimfikisha Nairobi kwa muda usiotimia saa moja, kisha ikamkalisha kwenye kiti cha chuma kwa saa saba, muda ambao ndege ingekwisha kumfikisha Marrakech.