Koti la El Rastro na kitenzi quedar

Jumapili ile nilishuka Ribera de Curtidores, mtaa wenye mteremko ambako soko la El Rastro hutandazwa mjini Madrid, nikitafuta koti la baridi. Kitenzi cha Kihispania quedar (hutamkwa "kedar", u haisikiki) nilikijua kwa maana moja tu: kubaki. Nikajaribu koti. Mama muuzaji akavuta mkono wa koti ukanifunika vidole hadi kwenye kucha, akasema: "Te queda grande."

Ukilazimisha "kubaki" hapo, hupati kitu. Weka kukaa. Nguo imekukaa vizuri, te queda bien. Imekukaa vibaya, te queda mal. Te queda grande, imekupwaya. Hata asili ya neno inaafiki, maana limetokana na Kilatini quietare, kutuliza, na kilichotulia ndicho kilichokaa.

Nikaulizia dogo. "De la pequeña no me queda ninguna." Hakubakiwa na hata moja.

Hapa wanafunzi wengi hukosea. Mtu amebakiwa na euro mbili, anasema quedo dos euros, kumbe kinachobaki ndicho kinachotawala kitenzi, na mwenye mali huwakilishwa na me, te, le, nos, os au les. Basi ni me queda un euro, lakini me quedan dos euros. Sisi wa Kiswahili tuna bahati kubwa, kwa kuwa muundo huo tunao nyumbani: imenibakia euro moja, zimenibakia euro mbili. Ukifikiri kwa zimenibakia, hukosei upatanisho.

Nikashika skafu ya sufu. "¿Te la quedas?" Yaani, unaichukua? Quedarse con kitu ni kukichukua kiwe chako, nami nikajibu: "Sí, me la quedo." Uwe mwangalifu na con, hasa ikifuatwa na jina la mtu. He quedado con Ana maana yake nina miadi na Ana, bado hatujaonana. Me he quedado con Ana, nimebaki na Ana, pengine wenzetu wameshaondoka. Kasilabi kamoja, me, ndiko kanakotenganisha jioni hizo mbili.

Mama akaahidi kuniletea koti dogo Jumapili inayofuata, a las diez, ndiyo saa nne yetu ya asubuhi. "Entonces, quedamos en eso." Quedar en ni kuafikiana jambo, na kikifuata kitenzi hubaki katika umbo lake la kamusi: quedamos en vernos, tumeafikiana tuonane. Umbo quedamos ni lilelile kwa wakati uliopo na uliopita, kwa hiyo lingeweza kuwa "tuafikiane hivyo" au "tuliafikiana hivyo". Mkono wake ulikuwa tayari unakunja skafu kuitia mfukoni. Tulikuwa tumeshaafikiana.