Nilikojifunza kupanda mlima, na kwa nini sasa navuka kwenda Ukerewe

Mi nilikaa miezi kumi Clermont-Ferrand, mji wa katikati ya Ufaransa, kimasomo, na tangu nimerudi Mwanza kila mtu ananiuliza Paris ikoje. Paris nilikaa siku mbili tu. Ninachokiota mpaka leo ni barabara ndogo za vijijini kule Auvergne, lami nyembamba inazunguka vilima, ng'ombe pembeni, kanisa la mawe meusi ya volkano, na unaweza kukanyaga baiskeli nusu saa nzima hujapishana na gari hata moja.

Mzee niliyepanga kwake alikuwa mstaafu, ana baiskeli mbili stoo, moja akaniachia. Jumapili ya kwanza akaniona napanda kwa kusimama kwenye pedali, vile vile nilivyozoea kupanda kilima cha Bugando hapa Mwanza tangu shule, hakusema kitu mpaka tulipofika juu, mi nahema hata kujibu siwezi. Ndo akaniambia, Kifaransa cha taratibu ili nielewe, mlima haupandwi kwa hasira. Kaa kwenye siti, weka gia nyepesi mapema kabla miguu haijaanza kulalamika, na ukiona huwezi kuongea na mwenzako ujue umeshazidisha. Wiki tatu hivi nilikuwa namsikiliza kwa heshima tu, ya nne mwili wenyewe ukakubali, nikafika juu na pumzi zangu zote na nikaanza kuona vitu ambavyo nilikuwa nimevipita bila kuviona, mfano kuna mwewe alikuwa anakaa kila siku kwenye nguzo ile ile.

Kilima chetu cha kila wiki kilikuwa Col de Ceyssat. Col ni ile sehemu barabara inapovukia katikati ya milima miwili, na hii iko chini ya Puy de Dôme, volkano iliyolala yenye mita 1,465, kwenye msururu wa volkano kama 80 hivi ambao UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia 2018. Kibao cha juu kinasema mita 1,078. Siku moja nikiwa pale nikatoa simu nikaangalia kwetu, kumbe uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko kama mita 1,134. Aisee nilikaa chini. Mvuvi wa Igombe akiwa ndani ya mtumbwi wake yuko juu kuliko pale nilipofika kwa jasho la saa nzima, na mimi nimekulia juu ya mlima miaka yote bila kujua.

Sasa kwa nini kule ni kimya vile? Hili nililifikiria sana. Wenzetu wana barabara kubwa za malori na za wenye haraka, alafu chini yake kuna hizi za mkoa, zinaandikwa D na namba, ziko zaidi ya kilomita 370,000 nchi nzima na karibu zote ni lami, hata inayoenda kwenye kijiji cha nyumba kumi na mbili. Kwahiyo anayetoka kijiji kwenda kijiji ana njia tatu nne za kuchagua na magari yanagawanyika. Na sheria yao inamtaka dereva akimpita wa baiskeli nje ya mji amwachie mita moja na nusu, na wengi niliokutana nao walikuwa wanasubiri nyuma kabisa mpaka kona iishe.

Huku kwetu lami na ukimya havikai pamoja. Ukitoka Igoma kwenda Kisesa, Nyanguge mpaka Magu, lami nzuri, ila ndo hiyo hiyo ya mabasi ya Musoma na malori ya Sirari, na mtu wa baiskeli anasukumwa kwenye changarawe. Mi mwaka huu nimerushwa pembeni na basi, hendo ikapinda, kiwiko kikachunika, na dereva hakupunguza hata mwendo. Siandiki hili kwa utani. Kuna wauza samaki na wabeba mkaa wanapita pale kila alfajiri na hawana njia nyingine ya kuchagua.

Nirudi Ufaransa kidogo, kuna Jumatatu moja siwezi kuisahau. Sina kipindi, nikatoka peke yangu, nikajua mkate nitanunua njiani. Kijiji cha kwanza duka limefungwa, cha pili hivyo hivyo, maana vijijini kule Jumatatu maduka mengi hayafungui, na mwenyeji wangu alishaniambia. Kwenye kilima cha tatu mwili ukazima. Anayeendesha anaijua hali hii, miguu haiumi ila ni kama haipo, mikono inatetemeka, unataka kukaa chini ulie, ni kwamba akiba ya wanga mwilini imeisha na bila kula hakuna ujanja. Nikakaa kwenye ukuta wa mawe. Bibi mmoja akapita na ndoo ya maua, akaniangalia, akaninyooshea kidole geti la makaburi. Makaburi ya kule huwa na bomba la maji ya kumwagilia maua, waendesha baiskeli wote wanalijua, unajaza chupa yako unaendelea, ila ukikuta kibao kimeandikwa "non potable" usinywe. Nilisita, maana kwetu mtu haingii tu makaburini kuchota maji ya kunywa. Nikawaomba ruhusa wenyewe waliolala pale, kimoyomoyo, nikajaza. Nilipotoka bibi alikuwa amesharudi na vipande viwili vya mkate vimepakwa siagi na kunyunyiziwa sukari. Ile sukari ilikuwa inasagika kwenye meno. Nimekula mapilau ya harusi nyingi, sijawahi kula kitu kitamu kama kile.

Nimerudi nikapata baiskeli ya mtumba ya gia, fremu nyepesi, nikampelekea fundi wangu Mabatini anibadilishie friwili, yale meno ya nyuma yanayoshika cheni, nataka ya meno 32 ili gia iwe nyepesi. Akaigeuza geuza mkononi.

"Kaka, hii si ya wazee? Utafika saa ngapi?"

"Nitafika nimekaa kwenye siti, fundi."

Akacheka ila akaifunga vizuri, akanyoosha na rimu bila kuniongezea hela. Na hiyo aibu ya gia nyepesi sio ya kwetu tu, Tour de France yenyewe, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, ilianza 1903 na gia za kubadilisha kwa kurusha cheni toka meno haya kwenda mengine wakazikataza mpaka 1937, wakati kuna bwana wa Saint-Étienne, Paul de Vivie, alishakuwa anazipigania miaka na miaka.

Ndo nikaenda Ukerewe. Unapanda meli asubuhi na baiskeli yako, masaa kama matatu uko Nansio, na kuanzia hapo ukishika njia za udongo kuelekea msitu wa Rubya ni vilima vifupi vifupi, mawe makubwa, mihogo, michungwa, na ziwa linatokeza kila ukifika juu. Kimya. Unasikia cheni yako mwenyewe. Lami hamna huko nilikopita, tairi nilipunguza upepo kidogo, ila utulivu ni ule ule wa Auvergne na hapa watu wanakusalimia.

Kwenye kilima kimoja nikamkuta mzee anasukuma baiskeli ya Phoenix, gunia la machungwa kwenye keria, mipira ya tyubu imekaza pande zote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona wewe hushuki ukasukuma?"

Nikashuka, nikamwonyesha friwili. Akaigusa meno kwa kidole, moja moja, kama anayahesabu, akauliza kama inaweza kufungwa kwenye yake. Nikamwambia hata baiskeli ya gia moja kama yake inaweza kubadilishwa ikawa nyepesi, friwili kubwa yake inapatikana mjini. Tukasukuma wote mpaka juu, akanipa machungwa matatu na kunikatalia hela.

Nimeshamnunulia friwili yake. Jumamosi hii navuka nayo, na kama kuna mtu ana baiskeli na anataka twende wote, aje na tyubu mbili za akiba na kitu cha kula.