Nyembe na Giza la Bomba

Usiku wa leo, katika kupima jinsi gesi inavyotawanya mwanga, nimepata namba ya kwanza ninayoiamini.

Kifaa chenyewe ni bomba la chuma nililolipaka rangi nyeusi ndani. Leza ya kijani ya nanomita 532 hupita katikati, na ubavuni, kwa pembe ya nyuzi 90, nimefunga lenzi na kihisi cha mwanga. Hewa safi ni bahili mno: mwali wa kijani ukisafiri mita 1 ndani yake, hutawanyika kama sehemu 13 tu katika kila milioni. Nami natazama sentimita 1 ya mwali huo.

Nilijiandaa kwa udogo huo. Sikujiandaa kwa bomba lenyewe. Siku nilipoazima pampu ya fundi friji na kuvuta hewa yote, kihisi kiliendelea kusoma karibu vilevile. Kumbe wiki nzima nilikuwa napima mng'ao wa kuta, gesi haimo kabisa. Nilizima taa nikakaa kimya muda mrefu.

Dawa yake ilikuwa nyembe. Nilinunua pakiti kadhaa dukani, nikazibana pamoja kama kurasa za kitabu, makali yakielekea leza, nikaziweka mwisho wa bomba. Kila wembe peke yake unang'aa. Zikibanwa pamoja zinakuwa nyeusi kuliko rangi yoyote niliyowahi kupaka, kwa sababu mwanga ukiingia katika nyufa za makali hugonga huku na huku hadi unaishia humo. Kila aliyeingia chumbani nimemwonyesha.

Halafu vumbi. Chembe moja hung'aa kushinda mabilioni ya molekuli, kwa hiyo gesi yote inapita kwanza kwenye chujio. Mwanafizikia Jean Cabannes alifaulu kuuona mtawanyiko huu katika gesi zilizosafishwa huko Ufaransa mwaka 1915, wala leza haikuwapo. Nikifikiria uvumilivu wake nanyamaza.

Leo, bomba tupu: karibu sifuri. Hewa: nimeiita 1. Kabonidayoksaidi, niliyoitoa kwenye chupa ya sukari na hamira: 2.3. Nilitarajia izidi kidogo hapo. Nadhani hewa ilibaki ndani.

Kisha nikaondoa kihisi, nikachungulia mwenyewe. Uzi wa kijani, mwembamba, usio na kimeta hata kimoja. Nikaizungusha leza robo mzunguko palepale ilipo, ili mtetemo wa mwanga wake uelekee jicho langu, upande ambao molekuli karibu hazitawanyi mwanga; uzi ukafifia hadi ukatoweka. Nikairudisha, ukarudi.